Elfu ishirini na tano mkononi: Tecno mpya, Samsung mpya au iPhone ya mtumba?

Barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, kahawa ikishazunguka mara mbili, mazungumzo hutoka kwenye mpira yakaingia kwenye simu. Juzi tulianza na iPhone Air, ile iliyotoka Septemba 2025 ikiwa na unene wa milimita 5.6 tu. Baharia, tunayemwita hivyo kwa miaka aliyokaa melini, akachukua kipande cha kashata akakilaza kiganjani. "Nnakwambia, hata hii kashata imeipita kwa unene." Mwengine akaleta habari za simu zinazokunjuka kama jamvi, Mate XT ya Huawei ya 2024 na Galaxy Z TriFold ambayo Samsung waliitoa mwisho wa 2025. Kila mtu akatoa hukumu yake, na pale barazani hakuna hata mmoja wa kununua yoyote katika hizo.

Binamu yangu alikuwa kimya muda wote, simu yake imelazwa juu ya pawabenki iliyofungwa kwa mpira wa tyubu. Ndipo akauliza: "Elfu ishirini na tano ninazo, taslimu. Sitaki kukopa wala kuongezewa. Ninunue nini?"

Zogo lililofuata lilimshinda hata muuza kahawa, akabeba dele lake akaenda zake.

Kesho yake nikatoka naye, Barabara ya Digo na vichochoro vyake. Kwa pesa ile tukaonyeshwa vitu vitatu: Tecno au Infinix mpya kwenye boksi, Samsung Galaxy A16 mpya, na iPhone 11 iliyotumika ng'ambo, ile ambayo wauzaji huiita ex-UK hata kama haijawahi kuiona London. Bei hubadilika wiki kwa wiki, kwa hivyo sitaandika ya duka hili wala lile. Siku ile Tecno ilibakisha chenji nzuri, Samsung ikabakisha kidogo, na iPhone ya GB 64 ikazila zote na bado ikataka kubembelezewa bei.

Nitazilinganisha kwa watu wawili, maana simu bila mwenyewe haina ubora wala ubaya. Wa kwanza ni huyu binamu: anaendesha tuktuk mjini, hupokea abiria kwa programu, ana laini mbili, na mchana kutwa simu iko mbele yake juani. Wa pili ni dada yetu wa Majengo, mshonaji wa madira na mabuibui, ambaye biashara yake yote ni picha na video fupi. Naye alikuwa na pesa hizo hizo, na tayari moyo wake ulishahamia kwenye iPhone.

Maandishi makubwa ya boksi

Boksi la simu nyingi mpya za bei hii limeandikwa RAM GB 16 kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Ukilisogeza karibu na jicho utakuta maandishi madogo: 8+8. Nane za kwanza ndizo RAM yenyewe, memori ambayo simu huitumia kufanyia kazi. Nane za pili zimekatwa kwenye nafasi ya kuhifadhia picha, na kasi yake haifanani hata kidogo. Chukua seremala mwenye meza ndogo anayepanga mbao nyengine sakafuni: mbao anazo, lakini kila akiitaka moja lazima ainame. Muulize muuzaji nambari iliyo kabla ya alama ya kujumlisha, halafu linganisha simu kwa hiyo tu.

Kamera nayo ina mchezo wake. Megapikseli 50 zikisomwa dukani hutetemesha, lakini kwa kawaida simu huunganisha nukta nne kuwa moja, na picha unayoipata huwa ya kama megapikseli 12. iPhone 11 ya 2019 imeandikwa 12 toka mwanzo. Kwa picha ya mchana, ya mtu aliyesimama, tofauti ya hizi tatu si ya kugombana. Video ndiyo inayozitenganisha: iPhone 11 hurekodi 4K kwa fremu 60 kwa sekunde, Galaxy A16 inaishia 1080p kwa fremu 30. Tulimpiga dada yetu video akizungusha dira la hariri kwa simu zote mbili, mlangoni mwa duka. Kwenye Samsung nakshi ya shingoni ilikuwa ikivurugika kila alipogeuka, na kwenye iPhone ilihesabika uzi kwa uzi. Hakusema neno, akanitazama tu.

Kwa kasi pia, chipu ya A13 ya iPhone ile, pamoja na umri wake, bado inaipita ile ya Galaxy A16. Kambi ya iPhone pale barazani ilikuwa sahihi kwa hilo, na nawapa haki yao.

Jua la Machi

Haya, tuingie kwenye tuktuk. Betri ya Galaxy A16 hubeba chaji ya mAh 5,000, na Tecno na Infinix za bei hii nazo ni hapo au zaidi. Ya iPhone 11 ilipokuwa mpya ilikuwa mAh 3,110, na hii ya mtumba si mpya. Apple wenyewe husema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Mtu anayechaji kila siku huzimaliza 500 kabla ya miaka miwili. Ramani ikiwa wazi, data ikiwa wazi, mwangaza wa kioo umepandishwa juu, binamu angekuwa anatafuta soketi kabla ya adhuhuri.

Halafu kuna joto. Apple huandika kuwa iPhone ni ya kutumiwa kwenye nyuzi 0 hadi 35. Machi ya Mombasa kivulini inaukaribia mpaka huo, na dashibodi ya tuktuk si kivuli. Hapa siisifu Samsung wala Tecno, maana betri zote za lithiamu huchukia jua kwa namna moja. Ila betri kubwa na mpya ina cha kupoteza, na ndogo iliyochoka haina. Ushauri wangu kwa dereva yeyote ni kuishusha simu chini ya kioo cha mbele, iwe mahali upepo unapopita, na isichajiwe ikiwa imelala juani.

Maji nayo yatajwe. A16 ina kiwango cha IP54: inavumilia vumbi na marasharasha, yaani mvua ya ghafla ukiwa umeishika mkononi. iPhone 11 iliuzwa na IP68, mita 2 za maji kwa dakika 30, na wauzaji wa mtumba bado hulitaja hilo kwa sauti kubwa. Ulikuwa ukweli wa 2019. Simu ikishafunguliwa na fundi, gundi ile ya kiwandani haipo tena, na hata isiyofunguliwa huchakaa. Usiizamishe Nyali kwa sababu ya maneno ya dukani.

Laini mbili na memori

iPhone 11 ina nafasi ya laini moja ya kadi, ya pili ni eSIM, laini isiyo na kadi iliyomo ndani ya simu, ya kusajiliwa. Si tabu kubwa, ila ukizoea kuchomoa laini na kumpa mdogo wako, hiyo ya pili haichomoki. Haina nafasi ya memori kadi, na GB 64 kwa mtu anayerekodi video ni kibaba kidogo. Galaxy A16 inakubali memori kadi, lakini inakaa mahali pa laini ya pili, kwa hivyo utachagua. Tecno na Infinix nyingi zina nafasi tatu kamili, laini mbili na kadi, bila mtu kumwondoa mwenzake. Kwa hili simu ya bei ndogo imezishinda zote, na kwa mfanyabiashara mwenye laini ya nyumbani na laini ya kazi si jambo dogo.

Waya pia. iPhone zilihamia Type-C kuanzia iPhone 15 ya 2023, na hii ya 11 inataka waya wake wa Lightning. Pale barazani tulihesabu waya mifukoni: saba za Type-C, Lightning hakuna.

Na ukijaliwa kuongeza pesa ukafika iPhone 14 au zaidi, uliza ilitoka wapi. Zilizouzwa Marekani toka 2022 hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tupu. Zimeshawachekesha watu kwenye kaunta, pini ya kufungulia mkononi na hakuna pa kuiingiza.

Itaishi mpaka lini

Hapa ndipo nilipotofautiana na karibu baraza zima, na sijabadilisha mawazo. Watu huulizana simu ina nini leo, wakasahau itakubaliwa mpaka lini. Mwanzo wa Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zisizofika toleo la 15.1 la iOS, mfumo unaoziendesha, na iPhone 6 zote za mtaani, nzima, zinazong'aa, zikageuka kioo cha kujitazamia. Septemba ya mwaka ule ule iOS 26 ikaziacha XR na XS. Familia ya iPhone 11 ndiyo kongwe kuliko zote zilizobaki kwenye orodha ya iOS 26. Kuachwa hakuzimi simu siku ile, lakini anayeinunua leo ananunua mkia wa samaki, si mnofu.

Galaxy A16 ilitoka mwisho wa 2024, na Samsung waliahidi matoleo mapya sita ya Android na miaka 6 ya masasisho ya usalama. Hiyo inatufikisha 2030. A17 iliyofuata 2025 ina ahadi hiyo hiyo. Kwenye Tecno na Infinix za bei hii ahadi ni fupi zaidi, na huja na programu nyingi za kampuni ambazo hukuziomba. Zifute zinazofutika, zima arifa za zilizobaki, fanya hivyo siku ya kwanza kabla hujachoka.

Kwa nini dereva wa tuktuk ajali masasisho? Kwa sababu pesa zake zimo mle ndani. M-Pesa, programu ya abiria, mkopo wa chama, vyote vinalala kwenye simu moja, na simu isiyozibwa matundu ni nyumba isiyo na komeo.

Ukishikilia iPhone, basi ishikilie vizuri

Dada alishikilia. Kwa hivyo tulirudi na Fundi wetu, ambaye ana kibanda Mwembe Tayari na macho ya paka. Nitaeleza alivyofanya, maana aliyafanya mbele ya muuzaji bila haraka wala matusi.

Kwanza aliingia mipangilio akatazama afya ya betri. Ilisoma asilimia 100. Muuzaji akatabasamu, Fundi akakunja uso. "Simu ya miaka hii haina mia, bwana. Betri imebadilishwa, au nambari imepikwa. Niambie ni ipi." Akafungua ukurasa wa maelezo ya simu, panapoonyeshwa historia ya vipuri. Iliandikwa kuwa betri haitambuliki. Si lazima iwe mbaya, lakini haikuthibitika kuwa ya Apple, na bei ikashuka hapo hapo.

Simu ya pili akaivuta. Akatafuta True Tone, ile inayolinganisha rangi za kioo na mwanga uliopo, kwenye mwangaza wa kioo, ipo. Kioo cha kopi mara nyingi huja bila hiyo. Akajaribu Face ID kwa uso wa dada, ikakubali. Akachomoa trei ya laini, akawasha tochi ya simu yake, akasoma tarakimu zile ndogo zilizochongwa, huku binamu akibonyeza *#06# na kuisoma kwa sauti IMEI iliyotokea kiooni, yaani nambari ya utambulisho wa simu. Tarakimu kumi na tano, zikalingana. Walio na umri wetu wanakumbuka mwisho wa Septemba 2012, simu feki zilipozimwa nchini, watu wakaamka na simu zisizoshika mtandao, ndiyo maana sisi hatuoni haya kusimama kaunta tukihesabu tarakimu.

Mwisho akamwambia muuzaji aifute yote na aianzishe upya pale pale. Hii usiiruke kwa hali yoyote. Simu ikiwa bado imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa zamani, itakuomba nywila usiyo nayo, na hapo umenunua kigae. Ilipofika kwenye ukurasa wa kukaribisha bila kuuliza jina la mtu, dada ndipo akavuta pumzi.

Akatoka nje ya duka, akashusha nikabu yake, akaiinua simu usoni. Haikufunguka. Akajaribu tena. iPhone 11 haina alama ya kidole, na uwezo wa Face ID kumtambua mtu aliyefunika pua na mdomo Apple waliuanzisha kwa iPhone 12 kwenda juu. Kwa hiyo barabarani, kila akitaka kujibu mteja, atabonyeza nambari za siri mbele za watu. A16 inafunguka kwa kidole pembeni, Tecno nayo vivyo hivyo. Sisi wanaume wanne tuliokuwa pale, pamoja na Fundi na tochi yake, hakuna hata mmoja aliyelifikiria hilo. Nimesoma ulinganisho mwingi wa simu na sijaliona limeandikwa.

Dada aliinunua hata hivyo. Video ndiyo inayomlisha, na kazi anaifanyia nyumbani. Kwa hesabu yake alikuwa sawa.

Ikivunjika

Kwa Fundi, kioo cha Tecno na Infinix hupatikana siku hiyo hiyo na hakiumizi sana, na mwenye waranti ana Carlcare, huduma ya matengenezo ya kampuni moja inayomiliki Tecno, Infinix na itel. Samsung za A nazo zimejaa mtaani, ila kioo chake cha AMOLED ni ghali kidogo. iPhone ina vipuri vya kila daraja na kila uongo, utalipa kwa jinsi unavyojua kuuliza. Faida yake ni siku ya kuuza: iPhone hushika bei, Tecno ikitoka kwenye boksi tu imeshapoteza sehemu.

Wale wa lipa polepole

Binamu alisema hataki kukopa, lakini wengi hununua hivyo na sitawacheka. Safaricom walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo 2020 ilikuwa shilingi 20 kwa siku, na M-KOPA nao wameeneza utaratibu huo kila pembe. Fanya hesabu tu kabla ya kutia sahihi. Tuseme dipoziti ni 3,000 na kila siku 75 kwa mwaka mzima: 75 mara 365 ni 27,375, ongeza dipoziti, 30,375. Kama simu ile ile taslimu ni elfu ishirini, umelipia ruhusa ya kungoja kwa zaidi ya elfu kumi. Na ukikosa malipo simu hujifunga, kwa dereva ni siku ya kazi imekwenda. Kama huna njia nyengine ya kuanza kazi, chukua. Kama unaweza kuvumilia kabambe yako, simu ya vitufe, miezi mitano, weka akiba.

Ami yetu, mzee wa baraza, anayetaka kusikiliza mawaidha na sauti za wajukuu kwenye WhatsApp, hahitaji hata moja katika hizi tatu. Neon Smarta ya kiwanda cha Athi River ilizinduliwa Oktoba 2023 kwa shilingi 7,499, na simu za daraja hilo zinamtosha. Alichouliza yeye ni kama tochi yake ina mwanga.

Binamu alichukua nini

Kwake niliona ni Samsung au Tecno, na iPhone haikuwa na nafasi kuanzia kwenye betri. Angekuwa mtu wa kubadilisha simu kila baada ya mwaka na nusu ningemwambia achukue Tecno, afurahie nafasi tatu na chenji. Lakini simu aliyokuwa nayo ilikuwa na miaka mitano na mpira wa tyubu. Mtu wa namna hiyo anataka ile ya 2030. Akachukua A16, akalipa, akachukua risiti, akaitia mfukoni bila kulifungua boksi, akisema ataifungua nyumbani mbele ya mama.

Usiku ule, Isha imeshaswaliwa, kahawa imeshamiminwa, tukamwona anakuja na boksi mkononi, limefunguka, waya mweupe unaning'inia. Tecno kwa kawaida hukuwekea kila kitu mpaka kava. Hawa wengine wameshaacha.

"Baharia," akasema, hata salamu hajatoa, "wewe si ulikuja na kichwa cha chaji kutoka melini? Bado unacho?"